Vidoa vya Jumatatu

Jumanne asubuhi Florentine, mwanamke wa maabara anayepima maji ya zoni ya afya, aliweka kisahani juu ya meza ya Generose na kukifunua. Kilikuwa kisahani cha bati, kidogo kuliko kiganja, na ndani yake mlikuwa na karatasi ya mviringo iliyochorwa miraba myembamba. Juu ya karatasi kulikuwa na vidoa vya manjano. Generose aliinama, akavitazama, akadhani ni mapambo.

“Hii ni nini?”

“Ni maji yako, Mama Generose. Ile nilibeba jana.”

“Maji yangu haina rangi.”

“Jana haikukuwa na rangi,” Florentine akasema. “Nilipitisha maji ya sashe yako mu hii karatasi. Maji ikapita, tududu tukabakia huku juu. Nikatupatia chakula, nikatuweka mu joto, digrii makumi ine na ine. Usiku mumoja tu. Kila kadoa unaona hapa, jana kalikuwa kadudu kamoja, hauwezi kukaona hata uvae miwani mbili. Leo ni mamilioni, bamejengana.”

Generose alizidi kuinama mpaka Florentine akamshika bega asije akaigusa karatasi kwa pua. Kwa miaka minne alikuwa ameuza maji, na kwa miaka minne alikuwa akiinua sashe, kifuko cha plastiki kilichojaa maji, kuelekea jua na kuwaambia wateja waangalie wenyewe kama kuna uchafu. Walikuwa wanaangalia, wanaridhika, wanakunywa. Sasa aliogopa, ila haikuwa hofu peke yake. Usiku mmoja! Yeye mwenyewe kupata watoto wanne kulimchukua miaka kumi na moja.

“Ni tungapi?”

“Nimehesabu makumi tatu na saba.”

“Na munaruhusu ngapi?”

“Hata kamoja. Tunataka zero.”

Florentine hakuwa mtu wa kufoka. Alieleza polepole, huku akiandika, kwamba karakana yake ya maji isimame, vyombo vyote vioshwe kwa javeli, ile dawa kali ya klorini, na Alhamisi atarudi kupima. Maji yakishindwa kipimo mara tatu, barua itakwenda kwa daktari wa zoni, mashine itatiwa muhuri, na hapo habari ya sashe katika nyumba hii itakuwa imekwisha. Hii ilikuwa mara ya kwanza. Alipomaliza alifunika kisahani, akakirudisha katika sanduku lake, akaomba radhi kwa kuwaletea habari mbaya asubuhi.

*

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba yao huko Rugenge, mtaa wa kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya mabati. Maji yaliingia kwa robine, bomba la maji ya mji, yakajaa katika tangi la klorini, yakachujwa kwenye mchanga, kisha kwenye makaa ili kuondoa harufu ya klorini, maana wateja walilalamika kwamba wanakunywa hospitali. Baada ya makaa yalipita mbele ya taa ya kuua vijidudu, taa ya rangi ya zambarau iliyofungiwa ndani ya bomba. Mwisho yalitua katika pipa la buluu la lita mia mbili, na kutoka pipa yakateremka kwenye mashine ya kufunga sashe. Kila sashe iliandikwa kwa herufi za buluu: MAJI YA BARAKA. Libérat, mume wa Generose, ndiye aliyechagua jina, na majirani walimtania tangu siku ya kwanza wakiuliza kama maji anayatoa mjini Baraka kule Fizi. Lakini nyumba nzima ilikula kutoka pipa lile: yeye, mke wake, watoto wanne, mama yake mzazi, na Bella, mpwa wake wa miaka ishirini na minne aliyekaa kwenye mashine.

Mchana uleule shule ya wasichana, mteja wao mkubwa, ilipoarifiwa matokeo, ilirudisha mifuko kumi na miwili. Ilirudishwa juu ya pousse-pousse, mkokoteni wa kusukuma, barabarani, mchana kweupe, na msukumaji hakuona sababu ya kunyamaza.

“Wapi mwenye maji ya kuharisha?” aliita langoni.

Mvua zilikuwa zimeanza, na katika mji huu kila mtu anajua mvua huleta kipindupindu, na kina nani huzikwa. Wanawake waliokuwa wakisuka nywele ng'ambo ya njia waligeuza vichwa wote kwa pamoja. Generose alipokea mifuko mmoja mmoja, akashukuru kana kwamba ameletewa zawadi, akaingia ndani na kufunga mlango. Hapo ndipo alipomwona Bella amekaa kwenye kiti chake karibu na mashine, na hasira ikapata pa kutua.

“Bella, unanawaka mikono?”

“Nanawa, shangazi.”

“Na sabuni?”

“Na sabuni.”

“Ukitoka mu choo?”

Bella alisimama, akavua kofia yake ya nailoni, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya mashine, kisha akatoka nje akalie pembeni ya tangi. Generose alijua amekosea, ila siku hiyo hakuwa na nguvu ya kuomba msamaha.

Mama Anne-Marie, mama yake Libérat, alikuwa amekaa mkekani mlangoni akichagua maharage. Alikuwa mwanamke mfupi wa bonde la Ruzizi, mkulima wa maisha yote, Mkatoliki wa kusali asubuhi na jioni. Alisikia yote, akatupa jiwe moja dogo nje ya ungo, akaendelea na kazi yake.

*

Jumatano waliosha kila kitu. Javeli iliwachoma macho, kucha za Generose zikawa nyeupe. Alhamisi Florentine alirudi, akawasha moto mdogo wa kiberiti mdomoni mwa bomba kuua vijidudu vya nje, ili hata bomba lenyewe lisimdanganye, akajaza vichupa vyake. Kisha akatoa visahani viwili vyenye chakula cha vijidudu kilichoganda kama uji wa jana, akamwomba Bella na Generose wabonyeze vidole, kila mmoja chake. Bella alibonyeza akiwa amegeuza uso pembeni.

Ijumaa matokeo yalikuja. Maji: zero kila mahali. Kisahani cha Bella: kitupu, safi. Katika kisahani cha Generose kulikuwa na alama tano za duara, vidole vyake mwenyewe, vimechipuka kama mchicha.

“Si hatari kubwa,” Florentine alimtuliza. “Kila muntu anatembea na tududu. Ila leo umetuona.”

Generose alitazama alama za vidole vyake. Alitambua hata kovu la kidole cha shahada, pale alipojikata kwa kisu msimu uliopita. Kovu lenyewe lilikuwa limechorwa na viumbe hai. Alivutwa na kutishwa kwa pamoja, akashindwa kuondoa macho. Halafu akamgeukia Bella, mbele ya mgeni, mbele ya mama mkwe.

“Nilikuonea, mwanangu. Unisamehe.”

“Imeisha, shangazi,” Bella alisema, na kidogo akacheka. “Lakini weye njo utanawa na sabuni.”

Mashine ikaanza kazi tena. Jumamosi waliuza, Jumapili wakaenda misa, na Jumatatu mchana Florentine akapita kuchukua sampuli nyingine, desturi tu, akasema, kuhakikisha. Safari hii alijaza vichupa vinne: robine, baada ya makaa, baada ya taa, na pipa.

Jumanne alivipanga visahani vinne mezani, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayegawa karata. Cha kwanza kilikuwa cheupe, cha pili cheupe, cha tatu cheupe. Cha nne kilikuwa na vidoa sitini na viwili.

Libérat alikaa chini. Hii ilikuwa mara ya pili, na mara ya tatu wote walijua ina maana gani.

“Si robine,” Florentine alisema, akigusa meza mbele ya kila kisahani. “Si makaa. Taa inafanya kazi yake muzuri. Hii kitu inaingia katikati ya taa na mashini. Na pale katikati kuiko nini? Bomba kamoja na pipa yenye kifuniko.” Alifikiri, kalamu mdomoni, akizihesabu siku kwa namna ya mji huu, Jumapili ikiwa dimanshi na Jumatatu ikiwa kazi moja. “Siku ya Alhamisi maji ilikuwa muzuri. Kazi moja iliyopita ilikuwa mubaya, na jana kazi moja, mubaya tena. Hapa munafanyaka nini dimanshi mpaka kazi moja asubui?”

“Dimanshi tunafunga,” Generose akasema. “Hakuna muntu anagusa pipa.”

“Namna gani hakuna muntu?” ilisikika sauti kutoka mlangoni. “Na minye niko nini? Niko kuku?”

Wote waligeuka. Mama Anne-Marie alikuwa ameweka ungo chini. Uso wake haukuwa na hatia hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu ambaye kwa muda mrefu amefanya kazi nzuri na hakuna aliyempongeza.

“Mama,” Libérat alisema taratibu, “unagusaka pipa?”

“Bella, beba sashe moja. Soma ile maandishi.”

Bella alisoma. “Maji ya Baraka.”

“Aa. Maji ya Baraka. Siku mulifungua hii kazi, niliangalia. Niliona robine, niliona mchanga, niliona makaa, niliona ile taa ya bibi arusi. Baraka sikuiona. Nikasema, batoto bangu batauzisha batu bongo, uongo mutupu? Muntu analipa maji ya baraka, anakunywa maji tu? Nikavumilia miaka. Njo tangu Pasaka ya huu mwaka, kila kazi moja, mbele mutoke mu bitanda, natia kikombe kimoja.”

“Kikombe cha nini?”

Alinyoosha kidole kuelekea rafu ya ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria, ambako bido, dumu la njano la lita tano la maji aliyoyabariki Padri siku ya Pasaka, lilikuwa limekaa miezi yote hiyo mbele ya macho yao.

Libérat alianza kucheka, kisha akaacha. Alihesabu kimoyomoyo: Pasaka mpaka sasa ni zaidi ya wiki thelathini, kila wiki kikombe, na bado mama yake alinyunyizia milango, vitanda vya wagonjwa na pikipiki ya jirani.

“Mama, hii bido haiishake?”

“Itaisha namna gani? Ikipunguka naongeza ya ziwa. Baraka haipunguke juu ya maji.”

Hapo hata Florentine, aliyezoea mengi, aliweka kalamu chini. Maji ya Padri yalikuwa yamekwisha pengine tangu mwezi wa sita. Kilichobaki kilikuwa Tanganyika tupu, iliyokaa kwenye joto la rafu, na kila Jumatatu ilimiminwa mahali pekee ambapo klorini ilikuwa imeshaondolewa na taa imeshapitwa.

“Mama,” Florentine alisema kwa adabu, “unaniruhusu nipime ile bido?”

“Hapana!” Libérat alisimama. “Ya mashini, pima. Ya Mungu, hapana. Banasema nini mu parokia wakisikia tulipeleka maji ya baraka mu labo?”

“Kaa chini, Libérat,” mama yake akasema. “Apime. Mungu haogopake kupimwa.”

*

Jumatano Florentine alikuja mapema kuliko siku nyingine, na hakukifunua kisahani. Alimwita Generose pembeni ya tangi, akamnong'oneza kwamba ameshindwa kuhesabu. Hakuna doa hapo, ni blanketi moja la manjano kutoka ukingo hadi ukingo. Alipendekeza wamwambie bibi tu kwamba maji yamekaa sana, basi. Generose alikubali haraka. Nani angependa kumwambia mama mkwe kwamba alichokuwa akinyunyizia vitanda vya wagonjwa kina kinyesi ndani yake?

Lakini Mama Anne-Marie alikuwa ameshafika nyuma yao.

“Munanificha juu ya nini? Ni maji yangu. Fungua.”

Florentine alimtazama Generose, Generose akatazama chini. Kisahani kikafunuliwa.

Mwanamke mzee alikisogeza penye mwanga. Alitazama kwa muda mrefu, midomo ikicheza kama anayesali, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kuku walipita, wakaparura, wakaondoka.

“Viko hai?”

“Viko hai, Mama.”

“Vyote? Mu usiku mumoja?”

“Usiku mumoja. Ni ile inatoka mu choo ya batu, inashuka na mvua, inaingia mu ziwa.”

“Mana yanje,” alisema kwa Kirundi, jinsi alivyomwita Mungu wake tangu utoto. Kisha, bila kukiacha kisahani: “Kaneza alianza kuhara mangaribi. Asubui hakukuwa tena.”

Kaneza alikuwa mtoto wake wa kwanza, aliyekufa kabla Libérat hajazaliwa. Jina lake halikutajwa katika nyumba hii ila siku ya marehemu wote.

“Ulimi wake ulikauka,” Mama Anne-Marie aliendelea, macho yakiwa bado ndani ya kisahani. “Nikamupatia maji. Akaomba tena, nikamupatia tena. Ya ziwa, na kijiko. Bakasema bamemuroga. Nikasema ni kweli, maana sikuona kitu. Maji ilikuwa nyeupe, minye mwenyewe niliiangalia.”

Generose aliona machozi ya Florentine yakitangulia ya kwake. Libérat alikuwa amesimama mlangoni, na mikono yake haikujua pa kukaa. Mwanamke mzee peke yake ndiye hakulia. Alikirudisha kisahani kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayerudisha kikombe cha wenyewe.

“Ni kadogo, haionekane,” alisema. “Na iko na nguvu hivi. Binti, unaiuaka namna gani?”

*

Siku tatu zilizofuata Mama Anne-Marie hakuchagua maharage. Alimfuata Bella kila mahali akiuliza. Bido aliliweka jikoni, likaoshwa kwa maji ya moto, na maji yake akayamwaga yeye mwenyewe chini ya mgomba, taratibu, akipiga ishara ya msalaba, kwa sababu hata hivyo yalikuwa yamebarikiwa na Padri, angalau mwanzoni.

Tatizo lilibaki moja, na hakutaka kuliachia: maandishi ya sashe. Alimsubiri Florentine langoni.

“Kama nikichemsha ile ya Padri, baraka inabakia ao inatoka na moshi?”

Florentine alikuwa Mprotestanti wa Makobola, na swali hilo hakulisomea.

“Sijui, Mama. Uliza Padri.”

“Basi tutoe jina. Sitaki bongo mu nyumba yangu.”

“Mama, sashe zimechapwa elfu nyingi!” Libérat alilalamika.

“Minye sijachapa.”

Generose alijaribu kuwarudisha kwenye kazi. Florentine alikuwa ameagiza kwamba kila Jumatatu pipa lijazwe maji yenye javeli, yakae nusu saa kamili, si pungufu, ndipo limwagwe na kusuuzwa kwa maji yaliyotoka kwenye taa. Nusu saa ndiyo ilikuwa shida. Simu ya Bella ilikuwa na kioo kilichovunjika, ya Libérat ilizunguka naye barabarani, na Bella siku ile ya kuosha alimwaga mapema, kwa sababu kusubiri tu bila kufanya kitu kulimshinda.

“Nusu saa ni ngapi?” Mama Anne-Marie aliuliza.

“Dakika makumi tatu.”

“Hapana. Mu rozari ni ngapi?”

Walitazamana. Hakuna aliyewahi kupima. Basi mwanamke mzee akatoa rozari yake, Florentine akatoa saa yake ya mkononi, na wote wakasimama kimya katika karakana huku bibi akisali mbele ya pipa la buluu, matendo yote matano, bila kukimbia wala kuvuta. Alipobusu msalaba, Florentine alitazama saa.

“Dakika kumi na saba.”

“Basi rozari mbili,” Mama Anne-Marie alisema. “Na ile ya juu ni zawadi.”

Jumatatu alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, Salamu Maria tatu kwa kila mkono. Alivaa kofia ya nailoni juu ya kilemba chake, jambo lililomfanya Bella aume midomo asicheke. Javeli ilipoingia katika pipa, alifunga kifuniko, akaweka kiganja kimoja juu yake, kwa nje, na kuanza. Libérat alipita kutafuta ufunguo, akavua kofia yake bila kufikiri, akapita kwa ncha za vidole. Rozari mbili zilipokwisha, Bella alimwaga na kusuuza. Mchana Florentine alichukua sampuli kutoka pipani, ya mwisho, ile ambayo ikishindwa ingekuwa mara ya tatu, na hakuna aliyemsindikiza langoni.

*

Jumanne watu wazima wote wa nyumba walikuwa mezani kabla hajafika. Florentine aliweka kisahani katikati.

“Fungua weye, Mama,” akasema.

Mama Anne-Marie alifungua.

Karatasi ilikuwa nyeupe. Miraba yake ilionekana yote, mstari kwa mstari, na hapakuwa na chochote juu yake. Generose aliachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu jana. Libérat alipiga meza kwa ngumi, Bella akapiga kigelegele kilichowasimamisha wanawake wa ng'ambo ya njia.

Mwanamke mzee hakusikia. Alikuwa ameinama juu ya weupe ule kama alivyoinama juu ya blanketi lile la manjano, na kwa muda mrefu zaidi.

“Hakuna kitu?”

“Hakuna kitu, Mama. Zero.”

“Ulituweka mu joto? Ulitupatia chakula?”

“Yote. Usiku muzima.”

“Na hakuna kitu.” Sauti yake ilishuka, na sasa ndipo machozi yalipokuja, mengi, bila kelele. “Kaneza angekunywa hii.”

Generose alimzungushia mkono mabegani, jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuthubutu kulifanya.

Mashine iliwashwa siku hiyohiyo, na jina la sashe halikubadilishwa: bibi alisema rozari mbili juu ya pipa zinatosha kuwa baraka. Kabla ya kuondoka, Florentine aliombwa kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumwomba. Alikuwa na kisahani kimoja cha zamani chenye kifuniko kilichopinda; alikitokosa, akakikausha, akatia karatasi mpya, akampa bibi.

Kiko mpaka leo juu ya rafu, chini ya picha ya Bikira Maria, pale lilipokuwa bido. Mgeni akiuliza kina nini ndani, Mama Anne-Marie hunawa mikono kwanza, kisha hukiteremsha na kukifunua.

“Hakuna kitu,” husema. “Sogea, angalia muzuri.”